Mzinga Hauna Macho

Mkoa wa Mara umetoa askari wengi tangu zama za ukoloni. Katika Genkuru, huku penye wilaya za Tarime na Serengeti, kama ilivyo kwingineko katika nchi ya Wakurya, ni koo nyingi zilizowapeleka vijana wao jeshini: kwanza katika King's African Rifles ya Mwingereza, na baadaye katika Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lililoundwa Septemba 1964. Kwa hiyo mazungumzo ya vita si mageni katika baraza zetu. Lakini tumetambua jambo moja. Kila vita vya Kagera vinapotajwa mbele ya vijana, kinachosifiwa ni mshindo. Husifiwa mzinga uliotikisa ardhi, husifiwa roketi zilizowaka angani usiku, na sifa hukomea hapo. Ni wachache mno wanaouliza: je, ni nani aliyeuambia mzinga ule upige wapi?

Swali hilo ndilo tunalotaka kulijibu leo, kwa sababu jibu lake lina faida kwa raia kama lilivyo na faida kwa askari. Yafaa ieleweke kwanza kwamba mzinga hauna macho. Anayeupiga mzinga wa masafa marefu hamwoni adui. Kati yake na adui mna kilima, au msitu, au mto, na mwendo wa kilomita 10, 15 au zaidi. Anachokiona ni mtutu, kipimo na wenzake. Askari wa bunduki hupiga anachokiona; askari wa mzinga hupiga anachoambiwa. Kwa sababu hiyo mizinga ni silaha ya mpango kabla ya kuwa silaha ya moto, na jeshi lisilo na mpango, hata likiwa na mizinga mia, lina vyuma tu.

Kazi za mizinga vitani, kwa kifupi, ni tatu. Ya kwanza ni kulainisha ngome za adui kabla askari wa miguu na vifaru hawajasonga mbele. Ya pili ni kuwakinga askari hao wanapokuwa njiani au wanaposhambuliwa, kwa kuweka pazia la moto baina yao na adui. Ya tatu ni kuinyamazisha mizinga ya upande wa pili na kukata njia anazopitishia chakula, mafuta na risasi. Katika kazi zote hizo mizinga ni mtumishi wa askari wa miguu, kwani mzinga hauwezi kuteka mji wala kulinda daraja. Huwatayarishia wenzake njia, nao ndio wanaofika.

Sasa tutazame jinsi kazi hiyo inavyogawanywa. Mbele kabisa, pamoja na askari wa miguu, yuko mwangalizi mwenye darubini, ramani na simu ya upepo. Huyo ndiye macho ya mzinga. Nyuma yake kiko kituo cha hesabu, ambako habari za mwangalizi hugeuzwa kuwa namba: mtutu uelekezwe wapi, uinuliwe kiasi gani, baruti iwe kiasi gani. Nyuma zaidi iko mizinga yenyewe, na kila mmoja una kundi lake la watu sita, saba au wanane: kiongozi, mwenye kulenga, wenye kujaza, na wenye kubeba makombora. Kwa desturi ya majeshi mengi, mizinga minne hadi sita hufanya kombania moja, kombania tatu hufanya kikosi, na vikosi huwekwa chini ya brigedi au divisheni kwa kadiri vita vinavyotaka. Kombora la kwanza likianguka, mwangalizi husema limepita au limepungua, limekwenda kulia au kushoto, hesabu hurekebishwa, kombora la pili hukaribia, na shabaha ikishapatikana, kombania nzima hupiga kwa pamoja.

Wafugaji wa Genkuru wanalielewa jambo hili bila ya kufundishwa. Ng'ombe wakiibwa na yowe likapigwa, wanaofuata nyayo bondeni hawawezi kujua wezi wameelekea upande gani. Anayejua ni yule aliye juu ya kilima. Yeye hupaza sauti, wa kilima cha pili hupokea, na walio bondeni hugeuza njia. Wa kilimani akinyamaza, au akidanganya, au walio bondeni wakikataa kumsikiliza, nguvu zote za vijana mia zitakwenda bure. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tumetaja hesabu, nasi hatuna budi kueleza kwa nini tunaitilia mkazo. Majeshi yaliyofuata mtindo wa Kirusi na wa Kichina huligawanya duara katika sehemu 6,000. Sehemu moja, kwa umbali wa kilomita moja, ni sawa na mita moja hivi. Mwenye kulenga akikosea sehemu 10 tu, basi kwa umbali wa kilomita 15 kombora lake litapotoka kwa zaidi ya mita 150. Mita 150 ndizo zinazoweza kutenganisha handaki la adui na handaki la wenzetu, au kambi ya askari na zahanati ya kijiji. Tena si macho na mikono tu yanayoleta kosa. Upepo husukuma kombora. Baruti yenye joto hulipeleka mbali kuliko baruti yenye baridi. Mtutu uliochakaa hupunguza mwendo. Yote hayo yana majedwali yake, na askari asiyejua kuyasoma ni hatari kwa rafiki kama alivyo hatari kwa adui.

Baada ya hesabu huja uzito. Mzinga wa milimita 130, uliotumiwa na jeshi letu katika vita vya Kagera, hulipeleka kombora la kilo 33 hivi kwa umbali wa kilomita 27. Mtambo wa roketi wa BM-21 una midomo 40, na huweza kuzivurumisha roketi zote 40 kwa muda wa sekunde 20. Kila roketi ina uzito wa kilo 66 hivi. Basi msomaji na apige hesabu mwenyewe: katika sekunde 20, zaidi ya kilo 2,600 zimekwisha kuondoka, na lazima lori jingine lije na kilo 2,600 nyingine, likipita barabara ya matope, usiku, bila taa. Dereva wa lori hilo hasifiwi na mtu, lakini pasipo yeye mtambo ule ni kiti cha kukalia ndege.

Mzigo wa mizinga umebebwa na Mwafrika kwa muda mrefu. Mwezi Julai 1915 manowari ya Kijerumani Königsberg iliangamizwa katika delta ya Mto Rufiji. Wajerumani waliiopoa mizinga yake 10 ya milimita 105, wakaitengenezea magurudumu, nao wakaitumia katika vita vya nchi kavu katika sehemu mbalimbali za nchi hii. Ni nani aliyeikokota mizinga hiyo, iliyoundwa kukaa juu ya meli, ikapita misituni, vilimani na kwenye vinamasi? Ni mamia ya Waafrika, kwa kamba na kwa mabega. Na upande wa Mwingereza palikuwa na jeshi zima la wapagazi, ambalo jina lake la Kiingereza ndilo lililotuachia neno Kariakoo huko Dar es Salaam. Leo mzinga mmoja wa Königsberg unatazamwa na wageni katika Ngome ya Yesu, Mombasa. Majina ya waliouburura hayakuandikwa juu yake.

Vita Kuu ya Pili ilimfanya Mwafrika awe mpiga mizinga, si mpagazi wake tu. Vijana wa Afrika Mashariki walifundishwa kazi hiyo katika vikosi vya mizinga vya Afrika Mashariki, na wengine walifika hadi Burma. Hapa pana msiba ambao watu wa kwetu wangepaswa kuujua kuliko wanavyoujua. Mwezi Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa na watu 1,511. Miongoni mwao walikuwamo maofisa na askari 996 wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa topido, nayo ikazama kwa dakika chache. Watu 1,297 walikufa. Kikosi kilichofundishwa kwa miezi mingi kulenga, kuhesabu na kupokea amri kilikwisha baharini kabla hakijafika penye vita.

Tufike sasa Kagera, vita vilivyo karibu zaidi na nyoyo za wasomaji wetu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia ardhi yetu, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ameitwaa sehemu yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera. Tarehe 3 Novemba daraja la Kyaka likavunjwa. Askari wetu walikuwa upande mmoja wa mto na adui upande wa pili. Katika hali kama hiyo bunduki haina msaada mkubwa. Kinachovuka kwanza ni kombora. Mizinga ilikusanywa, ikapiga ng'ambo, na kabla ya mwezi kwisha daraja la muda likawekwa na majeshi yetu yakavuka. Wananchi wa Uganda waliyapa makombora mazito ya Tanzania jina la saba saba, na jina hilo wazee wao wanalikumbuka hadi leo.

Lakini mfano ulio bora zaidi wa maneno yetu ni Lukaya, kwenye barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala, mahali penye kinamasi kikubwa ambapo vifaru na mizinga haviwezi kuiacha barabara. Jioni ya tarehe 10 Machi 1979, Brigedi yetu ya 201, iliyokuwa na askari wengi wageni wa vita, ilivurumishiwa roketi na askari wa Libya waliokuja kumsaidia Amin. Roketi zile kwa sehemu kubwa zilipita juu ya vichwa vyao zikaanguka nyuma. Hata hivyo askari wengi walishikwa na hofu, wakarudi nyuma. Mshindo ulikuwa mkubwa, shabaha haikuwapo, na bado kwa saa chache mshindo ulifaulu.

Usiku ule ule makamanda wetu walifanya kazi ya kupanga upya. Brigedi ya 208, chini ya Brigedia Mwita Marwa, ilikuwa imetumwa kuzunguka kinamasi. Ikaagizwa igeuke iishike barabara ya Kampala nyuma ya adui. Alfajiri ya tarehe 11 Machi, Brigedi ya 201 iliyokwisha kujipanga ilishambulia kutoka mbele, ya 208 ikashambulia kutoka nyuma, na mizinga yetu ikapiga kwa shabaha katikati. Walibya walikimbia, na baada ya siku hiyo jeshi la Amin halikuweza tena kusimama kama jeshi. Katika uwanja ule ule, kwa muda wa saa zisizozidi 24, zilitumika silaha za jamaa moja. Za jioni zilitoa kelele, na hofu iliyoletwa nazo ilikwisha kabla ya mapambazuko. Za alfajiri zilikuwa na macho, zikaamua vita.

Divisheni ya 20 iliyopigana pale iliongozwa na Meja Jenerali David Musuguri, mzaliwa wa Butiama katika mkoa wetu huu wa Mara, ambaye baadaye, tangu 1980 hadi 1988, alikuwa Mkuu wa Majeshi, na aliyefariki Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 104. Tunamtaja kwa taadhima. Lakini twaamini kwamba yeye mwenyewe, aliyeanza uaskari mwaka 1942, alijua kuliko sisi kwamba jemadari bila waangalizi, wahesabu na wachukuzi ni mtu aliyesimama peke yake uwanjani.

Macho ya mzinga hayatakiwi kwa ajili ya adui peke yake. Yanatakiwa pia kwa ajili ya asiye adui. Insafu yatulazimu kusema kwamba si kila tulichokifanya Uganda kilikuwa cha kujivunia. Mutukula, uliotekwa mwezi Januari 1979, ulibomolewa karibu wote, na raia waliuawa, kwa hasira ya yale yaliyotendwa Kagera. Mwalimu Nyerere alisikitishwa, akaagiza raia na mali zao wasiguswe tena. Hata hivyo Masaka, uliopigwa makombora na kutekwa mwezi Februari, nao uliharibiwa vibaya, na majengo mengi yalilipuliwa baada ya adui kukimbia. Kombora lililopigwa baada ya kazi kwisha halina jina la vita. Ni kisasi, na kisasi hakina kipimo wala jedwali.

Yaliyofuata Entebbe na Kampala yaonyesha kwamba somo lilifika. Kutoka Mpigi, mizinga yetu iliweza kuufikia Entebbe, alikokuwa Amin katika Ikulu yake. Kwa siku kadhaa ilipiga kwa kiasi, ili kumsukuma aondoke, naye akaondoka. Na tarehe 7 Aprili Brigedi ya 208 ikauteka mji. Kampala ilipoingiwa tarehe 10 na 11 Aprili, barabara ya kwenda Jinja iliachwa wazi makusudi ili Walibya na wengineo wapate njia ya kutoka, mji usije ukageuzwa kuwa machinjio. Ni jambo kubwa kuwa na uwezo wa kupiga na kuchagua kutopiga. Na uchaguzi huo hauwezekani ila kwa jeshi ambalo mzinga wake una mtu wa kuuamuru, na mtu huyo ana wa kumwamuru.

Hapa ndipo tunaporudi Tarime na Serengeti. Vita vilikwisha Juni 1979, na mizinga ikarudi kambini, kwani mzinga hauwezi kufichwa katika gunia la mahindi. Lakini bunduki ndogo ndogo zilizopotea mikononi mwa utaratibu zilifika vijijini kwetu, na wizi wa ng'ombe uliokuwa wa mishale na mikuki ukawa wa risasi. Ni watu wangapi wameuawa, ni mazizi mangapi yamebaki matupu, ni watoto wangapi wameacha shule kwa sababu mali ya baba imeswagwa usiku! Hali hiyo ilizidi hata Tarime na Rorya zikapewa mkoa wao wa kipolisi. Silaha ile ile iliyokomboa Kagera, ilipoachana na amri, hesabu na wajibu, ilimgeukia mwenyewe. Kijana anayesifu mshindo bila ya kujua mpango hajatofautisha askari na mwizi, maana wote wawili wana mshindo.

Tuna maombi mawili. La kwanza ni kwa vijana na walimu wao. Anayetaka kuitumikia nchi katika kikosi cha mizinga asidhani kwamba kinachotakiwa ni kifua kipana. Kinachotakiwa ni pembe, uwiano, ramani, na uaminifu wa kutoa habari iliyo kweli hata kama mkubwa haipendi. Mwalimu wa hesabu katika shule ya kijijini, mwenye darasa lililojaa na chaki haba, anafanya kazi ya ulinzi wa taifa, na anastahili kuheshimiwa kwa kazi hiyo. Na kijana asiyetaka uaskari naye hapotezi kitu, kwani aliyejifunza kupima kabla ya kutenda atafaa shambani, mgodini na ofisini.

Ombi la pili ni kwa jamaa na viongozi wa vijiji. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 vitani Kagera amekwisha kuvuka miaka 65, na wengi hatunao tena. Wale waliobaki, waliobeba makombora, walioendesha malori, walioshika simu za upepo vilimani, na waulizwe maadamu wapo, na maneno yao yaandikwe katika madaftari ya shule. Wasiulizwe habari ya mshindo peke yake. Waulizwe: ni nani aliyeona, ni nani aliyehesabu, ni nani aliyebeba, na ni nani aliyesema basi, inatosha. Tukiyapata majibu ya maswali hayo manne, tutakuwa tumewarithisha watoto wetu kitu kilicho imara kuliko chuma.